Uingereza Ilipoingia Soko la Ulaya, Kahawa Yetu Ilisemewa na Nani?



Ndugu wasomaji, swali hilo hapo juu si letu. Ni la mzee mmoja wa upande wa Runyenjes, mkulima wa kahawa ambaye amepita miaka themanini. Tulikuwa kwenye semina ya haki na amani ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, tukieleza mkataba wa biashara ambao Kenya na Umoja wa Ulaya walisaini jijini Nairobi Desemba 18, 2023. Tulikuwa tunawahimiza watu waulize serikali imewasemea nini ndani ya mkataba huo. Mzee akainua mkono. "Mimi nilipanda kahawa Mwingereza akiwa bado hapa," akasema. "Halafu Mwingereza mwenyewe akataka kujiunga na wenzake huko Ulaya. Sasa hiyo siku, hii kahawa yangu nani aliisemea?"

Watu walicheka. Sisi hatukucheka kwa sababu hatukuwa na jibu. Tulimwomba mzee atupe muda, tukasoma, tukaulizana, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa wote kwa sababu jambo lile lile limeturudia mara mbili katika miaka ya karibuni, 2014 na 2020, na wengi wetu halikutupata tukiwa macho.

Jumuiya gani hizi?

Kwanza tuondoe mchanganyiko wa maneno. Sisi tukisikia jumuiya tunafikiria zile nyumba kumi au kumi na tano za majirani wanaokutana kusali na kusaidiana. Katika habari hii kuna jumuiya nyingine tatu. Jumuiya ya Madola ni ile ya Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake. Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, ambayo wengi waliiita Soko la Pamoja, ilianzishwa na nchi sita, yaani Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, kwa mkataba uliosainiwa Roma mwezi wa Machi 1957. Hiyo ndiyo iliyokua ikawa Umoja wa Ulaya. Ya tatu ni yetu wenyewe, ya Afrika Mashariki.

Soko la Pamoja ni kama boma moja lenye lango moja. Ndani ya boma, mali hutoka nyumba hii ikaenda ile bila kulipa kitu. Anayeleta mali kutoka nje analipa ushuru langoni, na ushuru ni ule ule hata kama anakwenda nyumba ya kwanza au ya mwisho. Sasa fikiria jirani yako ambaye ulizoea kumwuzia mahindi mlangoni kwake bila ushuru. Jirani huyo akihamia ndani ya boma, mlango wake wa zamani unafungwa. Kesho yake ukienda na gunia lako unakutana na lango la wote. Hakukukosea chochote, wala hakukufukuza. Amehama tu, na wewe umeachwa nje na gunia begani.

Nchi huru ikiona jirani anataka kuhama, inaweza kupiga kelele mapema. Koloni haina sauti hiyo, kwa sababu anayehama ndiye huyo huyo anayepaswa kulisemea.

Walioingia kwa mgongo wa mtawala

Wafaransa walilijua jambo hili. Walikataa kusaini mkataba wa Roma mpaka makoloni yao yapewe nafasi ndani yake. Wakapata: sehemu nzima ya mkataba, ile ya nne, ikawekwa kwa ajili ya nchi za ng'ambo zilizotawaliwa na wanachama. Ushuru wa mazao ya nchi hizo ungepunguzwa hatua kwa hatua mpaka uishe, na ukawekwa mfuko wa maendeleo wa kiasi cha dola milioni 581 kwa miaka mitano.

Tazameni ramani hapa. Kongo, Rwanda na Burundi ziliingia kwa mgongo wa Ubelgiji. Somalia iliingia kwa mgongo wa Italia. Kenya, Uganda na Tanganyika zilibaki nje, kwa sababu Mwingereza mwaka huo wa 1957 hakutaka kujiunga. Hakuna mkulima wa Rwanda aliyeulizwa, na hakuna mkulima wa Embu aliyeulizwa. Mpaka waliochora Wazungu kugawana Afrika ndio ulioamua kahawa ya nani italipa ushuru na ya nani itapita.

Na ushuru wenyewe haukuwa mdogo. Lango la Soko la Pamoja lilipangiwa kutoza kahawa mbichi asilimia 16. Haukuwekwa wote kwa siku moja, ulikuwa ukija kwa hatua, na baadaye ulishushwa. Lakini hesabu ni hii: kahawa ya Kenya yenye thamani ya shilingi 100 ikifika bandari ya Ujerumani, mnunuzi angetoa 116. Kahawa ya Rwanda yenye thamani hiyo hiyo, ushuru wake ukishamalizika, angetoa 100. Mnunuzi ana njia mbili tu, ama anunue kwa jirani, ama aseme kwetu, "Nipunguzieni."

Hapa tulikutana na jambo ambalo hatukulitarajia. Sisi tulidhani kahawa yetu ya zamani ilikuwa inakwenda London. Kumbe Ujerumani Magharibi ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Kenya, na Mjerumani alikuwa ndani ya boma tangu mwanzo. Kwa hiyo kwa upande wa kahawa, shida ilianza kabla Mwingereza hajafikiria kuhama. Kama angeingia na kutuingiza, kahawa ingepata nafuu. Chai ilikuwa tofauti, soko lake lilikuwa London. Unaona kwamba hata neno "masilahi ya koloni" si kitu kimoja. Kila zao lilikuwa na lango lake la kuliogopa.

Kahawa ya Meru na Embu ilikuwa imefika wapi?

Kwa miaka mingi walowezi hawakutaka Mwafrika alime kahawa. Walisema italeta magonjwa, walisema itaibiwa, na wengine waliogopa tu kukosa wafanyakazi. Miaka ya 1930 serikali ilikubali majaribio, na wilaya zilizochaguliwa zilikuwa Meru, Embu na Kisii, ekari chache zilizohesabiwa. Kwa hiyo wazee wetu wa Meru na Embu walikuwa kati ya Waafrika wa kwanza Kenya kuruhusiwa kuwa na mibuni. Ni baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari, ndipo kahawa iliposambaa vijijini kweli kweli.

Mbuni unataka miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Mtu aliyepanda 1957 au 1958 alianza kuona pesa karibu 1961. Wekeni mwaka huo akilini.

Mwisho wa Julai 1961 Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Macmillan, aliliambia bunge lake kwamba nchi itaomba kuingia Soko la Pamoja. Ombi lilipelekwa Agosti. Mwezi huo huo wa Agosti Mzee Jomo Kenyatta alirudishwa nyumbani Gatundu na kuachiliwa. Nani huku kwetu angesoma habari za forodha ya Brussels? Viongozi wetu walikuwa na lao. Kati ya Februari na Aprili 1962 walikuwa London, Lancaster House, wakibishana juu ya katiba, majimbo na mashamba. Ng'ambo kidogo ya bahari, Brussels, Edward Heath na ujumbe wake walikuwa wakibishana juu ya ushuru wa vitu ambavyo mashamba hayo yangezaa. Mikutano miwili, mwaka mmoja. Katika ule wa kwanza Mwafrika alikuwa mezani. Katika wa pili, Kenya haikuwa na kiti chake kama nchi.

Tusiwe wadanganyifu: Uingereza haikuyasahau makoloni. Iliomba makoloni yake ya Afrika na nchi zake za Afrika zilizokwisha kuwa huru yapewe nafasi ile ile waliyopata wa Ufaransa, na wale sita wakakubali kwa jumla. Kwa chai iliombwa ushuru uondolewe kabisa, na hilo pia lilikubaliwa. Lakini chai iliyowasukuma zaidi ilikuwa ya India na Ceylon. Yetu, ambayo kwa mkulima mdogo wa Meru ilikuwa ndiyo kwanza inaota, ilipanda gari la wengine. Na muda mwingi wa mazungumzo uliliwa na siagi ya New Zealand, ngano ya Kanada na nyama ya Australia. Hao walikuwa na serikali zao na mawaziri wao, wakipiga kelele kila wiki.

Tena, aliyesema "kahawa ya Kenya" mezani alikuwa anamsemea nani? Mwaka 1961 sehemu kubwa ya kahawa hiyo ilitoka katika mashamba ya walowezi. Ushuru ukishushwa, mlowezi wa Kiambu na mkulima wa Manyatta wote wangepata nafuu, hilo ni kweli. Lakini aliyekuwa na mtu wa kumpigia simu London ni mmoja tu kati yao.

Tanganyika ilisema hapana

Septemba 1962 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana London kulijadili jambo hili. Tanganyika ilikuwa huru tangu Desemba 1961, kwa hiyo ilikuwa na kiti. Kenya haikuwa nacho. Tanganyika, pamoja na Ghana na Nigeria, ilikataa nafasi ile ya kushirikishwa. Waliona ni ukoloni kwa njia nyingine: Mwafrika aendelee kupeleka mali ghafi na kufungua mlango kwa bidhaa za viwanda vya Ulaya, na Afrika igawanyike kati ya walio ndani na walio nje.

Hapo ilikuja shida ambayo hata leo haijatutoka. Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja tangu 1917, na Tanganyika ikaingia miaka ya 1920. Bidhaa ikishalipiwa Mombasa ilikwenda Kampala au Moshi bila ushuru mwingine. Sasa kama Kenya ingeingizwa na Mwingereza katika mpango wa Ulaya na Tanganyika ibaki nje, forodha hiyo moja ingekufa. Kumlinda mkulima wa Embu upande wa Ujerumani kungemuumiza upande wa Arusha.

Mambo hayakufika huko. Januari 14, 1963, Rais wa Ufaransa Charles de Gaulle aliwaambia waandishi wa habari kwamba Uingereza haiko tayari, na mwisho wa mwezi mazungumzo yakavunjika. Kenya ikapata uhuru Desemba 12, 1963, ikiwa nje ya boma, na mibuni ya Runyenjes ikiendelea kuzaa bila kujua lolote.

Tulipojisemea wenyewe

Julai 1963, huko Yaoundé, nchi 18 za Afrika zilizokuwa makoloni ya wale sita zilisaini mkataba wao kama nchi huru. Kenya, Uganda na Tanganyika nazo ziliamua kwenda kuzungumza, lakini kwa sauti moja, na kwa jina lao wenyewe. Ilichukua miaka. Mkataba wa kwanza ulisainiwa Arusha Julai 26, 1968, ukafa Mei 1969 kabla haujathibitishwa na wote. Wa pili ulisainiwa hapo hapo Arusha Septemba 24, 1969, ukaanza kazi Januari 1, 1971. Kutoka mkataba wa Roma hadi siku hiyo ni karibu miaka kumi na minne. Mtoto aliyezaliwa siku mzee wetu anachimba mashimo ya mibuni alikuwa amemaliza darasa la saba.

Na hata hivyo lango halikufunguliwa lote. Mazao matatu yaliwekewa kikomo: kahawa, karafuu na nanasi za mkebe. Mengine mengi yalipita bure. Kwa nini hayo matatu? Kwa sababu ndiyo waliyokuwa wakiuza wale waliotangulia ndani. Karafuu ya Zanzibar ilikuwa ikimkanyaga Madagaska. Kwa maneno mengine, kile hasa tulichokuwa nacho cha kuuza ndicho kilichozuiwa, na mkono uliozuia ulikuwa wa kumlinda Mwafrika mwenzetu. Sisi wa ofisi ya maendeleo tulilisoma jambo hili mara mbili. Linaumiza.

Katika mwaka wa 1967 Papa Paulo wa Sita aliandika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, Populorum Progressio. Anafundisha humo kwamba makubaliano kati ya watu wawili ambao nguvu zao zimetofautiana mno hayawi ya haki kwa sababu tu wote wameweka sahihi. Anasema hivyo kuhusu mshahara wa kibarua na kuhusu biashara kati ya nchi tajiri na maskini. Anayetaka kuelewa mikataba hii aanze hapo, hata kabla ya kusoma viwango vya ushuru.

Uingereza iliingia Soko la Pamoja mwishowe Januari 1, 1973. Safari hii nchi za Jumuiya ya Madola hazikuachwa kwenye neno la mdomo. Mkataba wa kuingia, uliosainiwa Januari 1972, uliambatishwa maandishi yaliyotaja nchi ishirini za Afrika, Karibi na Pasifiki, Kenya ikiwemo, na kuzipa njia tatu za kuchagua namna ya kushirikiana na Ulaya. Seychelles, ambayo bado ilikuwa koloni, iliwekwa katika orodha ya maeneo ya ng'ambo, kama walivyowekwa wa Ufaransa 1957. India, Pakistan na Ceylon hazikuwekwa katika ishirini hizo. New Zealand ilipata maandishi yake pekee juu ya siagi na jibini. Aliyepiga kelele alisikika.

Halafu likatokea jambo zuri. Wale wa Ufaransa na wale wa Uingereza, waliokuwa wamegawanywa kwa miaka kumi na tano, waliamua kwenda pamoja. Februari 28, 1975, huko Lomé, Togo, nchi 46 zilisaini na Ulaya. Karibu mazao yetu yote yakaingia bila ushuru, na hatukudaiwa kufungua milango yetu kwa malipo hayo, kama tulivyodaiwa kwa sehemu kule Arusha. Ukawekwa mfuko ulioitwa Stabex wa kusaidia nchi ambayo mapato ya zao lake yameanguka, na kahawa na chai zilikuwa kwenye orodha. Haukumaliza taabu. Mwaka 1989 mpango wa dunia wa kugawa kiasi cha kahawa cha kuuza ulipovunjika, bei ilianguka na wengi walichukia mibuni yao kiasi cha kupanda mahindi katikati. Lakini jibu la kwanza kwa mzee ni kwamba kahawa yake ilisemewa vizuri zaidi mwaka 1975, na waliosema walikuwa arobaini na sita.

Tukabaki peke yetu tena

Mpangilio wa Lomé haukudumu. Nchi nyingine za dunia zililalamika kwamba Ulaya inapendelea waliokuwa makoloni yake, na sheria za biashara za dunia zikawapa haki. Kwa mkataba wa Cotonou wa 2000 ilikubaliwa upendeleo wa njia moja uishe mwisho wa 2007, uje mpango wa kupeana: ufunguliwe nawe ufungue.

Sasa angalieni jinsi mambo yanavyojirudia. Ulaya tangu 2001 inaziachia nchi maskini kabisa kuingiza kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika kundi hilo. Kenya haimo. Kwa hiyo majirani walipochelewa kukubaliana na Ulaya hawakupoteza kitu, lakini Kenya ilipoteza. Oktoba 1, 2014 mazao ya Kenya yalianza kutozwa ushuru Ulaya. Maua yaliguswa, hata ya Timau wanakofanya kazi vijana wetu wengi, na mboga pia. Nafuu ilirudishwa Desemba 25, siku yenyewe ya Noeli.

Mama mmoja wa Mitunguu alitusimulia miezi hiyo mitatu. Alikuwa na mishiri robo ekari, imefika kuvunwa. Broka akaja akasema Ulaya wameweka ushuru, akapunguza bei ya kilo. Mishiri haisubiri; ukiiacha siku mbili inakomaa, haina mnunuzi tena. Akauza. Januari ushuru ukiwa umeondolewa, broka alikuja na bei ile ile ya chini. Mama akamwuliza mbona. Broka akamjibu, "Mama, hayo ya Ulaya sisi huku hatuyajui." Oktoba alikuwa anayajua!

Habari ya ushuru ikishuka mpaka shambani haiji kama asilimia. Inakuja kama neno la broka, na asiyejua tarehe hana la kumjibu. Ndiyo maana tunaandika tarehe nyingi katika makala hii, mtusamehe.

Mara ya pili ilikuwa kinyume. Uingereza, ambayo iliingia kwenye boma kwa shida, iliamua kutoka. Iliondoka Umoja wa Ulaya Januari 31, 2020, na masharti ya zamani yakaisha Desemba 31 mwaka huo. Kila kitu tulichokuwa tunauza London kwa mkataba wa Ulaya kingekosa karatasi usiku mmoja. Kenya na Uingereza walisaini mkataba wao Desemba 8, 2020, yaani wiki tatu na siku chache kabla ya saa kugonga. Majirani zetu hawakuwa na haraka hiyo, na lile swali la Arusha la kwenda pamoja au kwenda peke yako likaamuliwa kwa kalenda.

Kama kuna anayedhani kusahaulika ni jambo la Waafrika tu, kuna Visiwa vya Falkland, kule chini karibu na Ajentina. Bado ni eneo la Uingereza, watu wake ni wachache, na mapato yao makubwa ni ngisi wanaouzwa Ulaya. Mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Ulaya baada ya kuachana uliwaacha nje. Kuanzia Januari 2021 ngisi wao wakaanza kulipa ushuru langoni. Hao ni Waingereza kwa Waingereza.

Na kuna jambo ambalo mkataba wa ushuru hauwezi kulifanya. Ndugu zetu wa Igembe na Tigania wanalijua kuliko sisi. Uholanzi ilipiga miraa marufuku 2013, na Uingereza Juni 2014. Ushuru hauna kazi kwa kitu kilichopigwa marufuku. Hata kama karatasi inasema asilimia sifuri, lango limefungwa.

Tuulize nini sasa?

Mkataba wa Kenya na Ulaya ulianza kazi Julai 1, 2024. Yanayotoka Kenya yanaingia bila ushuru wala kikomo. Ya Ulaya yanafunguliwa polepole, kwa miaka hadi 25, na baadhi ya mazao ya mkulima yameachwa nje ili yasiuawe na ya kutoka nje. Kila sosaiti inapaswa kuomba ile orodha ya yaliyoachwa nje na kuisoma, hasa wenye ng'ombe wa maziwa.

Kwa wa kahawa kuna jambo ambalo halisemwi sana. Kahawa mbichi siku hizi haitozwi ushuru Ulaya hata ikitoka nchi isiyo na mkataba. Kwa hiyo anayekuambia mkataba umeiokoa kahawa mbichi hajasoma. Iliyokaangwa ndiyo hutozwa asilimia 7.5 kwa asiye na mkataba, na Kenya hailipi. Faida yetu iko kwenye kukaanga na kupakia, na karibu sosaiti zetu zote zinauza mbichi.

Tena Ulaya imepitisha sheria mwaka 2023 kwamba kahawa isitoke katika shamba lililokatwa msituni baada ya Desemba 31, 2020. Ilikuwa ianze mwisho wa 2024, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Chai na makadamia hazimo. Kwa kila shamba la kahawa patatakiwa mahali lilipo kwenye ramani. Shamba lililo chini ya hekta nne linatosha nukta moja tu, kwa hiyo mkulima wetu wa kawaida hahitaji kupimiwa mpaka wote. Tunasema hivi kwa sababu tumesikia kuna watu wanapita wakidai pesa za kupima. Msitoe kabla ya kuuliza sosaiti yenu.

Tulirudi Runyenjes kumpa mzee jibu lake. Alisikiliza yote, Roma, Arusha, Lomé, mpaka hapo kwenye nukta. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: hiyo nukta itaandikwa kwa jina la nani? Hati ya shamba lake bado ina jina la marehemu baba yake, mashina yamegawanywa kwa wana watatu, na kahawa hupelekwa kiwandani kwa namba ya mkewe. Swali hilo tumeliandika na kulipeleka kwa sosaiti yake. Jibu likija tutalichapisha hapa.